Miraba ya Kushoto na Kulia

Umewahi kuhesabu kitu mpaka macho yakaomba msamaha? Mzee Kioo amewahi. Yeye na mkewe walihesabu nyota miaka kumi na tisa, mchana kweupe, mezani, katika mabamba ya kioo yenye picha za anga zilizopigwa kwa darubini. Kwenye bamba, nyota ni nukta nyeusi, ndogo kama ncha ya sindano. Walichora miraba. Mume akimaliza mraba, anamsukumia mke, naye anauhesabu upya bila kuuliza jibu. Kila nyota kumi, haragwe moja kikombeni. Hesabu zikigongana, wanarudia pamoja, na aliyekosea anapika chai.

"Mume wangu, leo umehesabu na vumbi."

"Vumbi nalo ni kiumbe."

"Basi inuka ukalipikie chai."

Chumba kile kilinuka spiriti ya kusafishia kioo na majani ya chai. Mpaka leo Mzee Kioo akifungua chupa ya spiriti humsikia mkewe akicheka.

Mwaka wa kumi na tatu walipewa bamba la fungu moja la nyota, maelfu kwa maelfu zilizosongamana kama nyuki mzingani. Mkewe ndiye aliyegutuka. Nje ya fungu, ambako nyota zilipaswa kuwa chache na sawasawa kila upande, miraba ya kushoto na ya kulia ilizidi. Si sana: tatu hapa, nne pale. Ya juu na ya chini haikuzidi. Alirudia mara tatu, hesabu ikatoka ileile. Mumewe alirudia mara moja tu, siku ana mafua, na akapata pungufu.

Mama huyo akampelekea profesa, mkuu wao wa kazi, daftari la hesabu zake. Profesa hakulifungua. "Mama, macho yakichoka huona mengi," alisema, akaendelea na barua zake. Makala ya profesa kuhusu fungu lile ilipochapishwa, jina lilikuwa moja, na halikuwa la mhesabuji. Ndivyo tulivyozoea: jicho la huyu linaona, mdomo wa yule unasifiwa, na tunaita elimu!

Miaka ikaenda. Mama alipolazwa kwa mara ya mwisho, alimwuliza mumewe, "Baba, yale yalikuwa vumbi?" Akajibu, "Hayakuwa vumbi." Alijibu kwa mapenzi, hakuwa na hakika. Sasa ni mwaka wa nne tangu amzike, na jibu lile bado limemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Je, alimdanganya mtu anayekata roho?

Mzee Kioo alibaki kuwa mtunza ghala la mabamba. Juzijuzi akasikia kwamba mtafiti wa ghorofa ya pili, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kuita mbuzi, analichunguza fungu lilelile kwa picha mpya na kompyuta, akiutafuta mkia wake. Akapanda ngazi, daftari kwapani.

"Karibu mzee wangu! Umepotea njia ya chai?"

"Nimefuata mkia, mwanangu."

Mtafiti akacheka, kisha akaacha kucheka. Alimweleza kwamba ndicho anachotafuta: galaksi yetu hulivuta fungu na kulinyofoa nyota mojamoja, nazo hutawanyika mbele na nyuma yake kama unga unaovuja kwenye gunia. Mkia huo ni hafifu mno. Ili uonekane, lazima kwanza upime anga tupu, ile isiyo ya fungu, ina nyota ngapi, kisha uzitoe kwenye hesabu nzima.

"Nimezitoa, mzee. Hakuna kitu. Kesho nafunga kazi hii, naandika hakuna mkia."

Lakini mtu aliyehesabu miaka kumi na tisa hakubali jumla kabla ya kuona miraba.

"Hiyo anga tupu umeipimia wapi?"

"Hapa na hapa." Akagusa kioo cha kompyuta, kushoto na kulia mwa fungu. "Juu na chini kuna nyota kali, mwanga wake unachafua picha."

Mzee akafungua daftari, akaliweka juu ya meza. Mwandiko wa mkewe, mwembamba, umelala kidogo. Miraba iliyozidi ilikuwa palepale mtafiti alipoweka vidole.

Mtafiti akapitisha kidole kwenye miraba ya daftari. "Yaani mkia nimeuita anga tupu," akasema taratibu, "halafu nikautoa kwa mkono wangu mwenyewe."

"Kapime mbali, binti. Mbali kabisa na fungu."

"Itachukua mpaka asubuhi. Na huenda kusiwe na kitu, mzee. Usije ukanilaumu."

"Wewe pima."

Kesho yake Mzee Kioo alifika kabla ya mfagizi. Mtafiti alikuwa amesimama, hajagusa kiti, na picha ilikuwa ikijichora mstari kwa mstari. Fungu likatokea, nene na jeusi. Kisha upande wa kushoto likatoka wingu jepesi, kama pumzi juu ya kioo. Kisha upande wa kulia. Mkia wa kulia ukapita mraba wa mwisho wa mama, ukaendelea kwenda mpaka ukingo wa picha, na pale ukingoni ulikuwa haujaisha. Mtafiti akashika simu, akaanza kumgombeza mtu wa darubini amletee picha ya anga inayofuata, leo hii. Mzee Kioo akavuta kile kiti, akakaa.