Tulimshukuru Mungu kwa jino lililonyamaza

Bwana Yesu asifiwe, wakuu. Sifa kwake aliyetuhifadhi kutoka Kivu ya Kusini hadi hapa Juru, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Haya nayaeleza kama yalivyotokea.

Mjukuu wangu Tumaini alikuwa na jino la mbele lililoota juu, likiinua mdomo. Kwenye kwaya aliimba amejifunika mdomo kwa kitambaa. Mfadhili mmoja wa kanisa akajitolea, mtoto akafungwa waya za meno mjini Mbarara.

Wenzake walimtania: "Tumaini, bamekujengea lupango ya mbuzi mu kinywa!" Lupango kwetu ni ua. Akacheka nao.

Waya zilipokazwa tena, maumivu yalizidi. Tukaomba. Baada ya siku chache akasema, "Babu, ile jino sisikie tena kitu."

Tukaona ni jibu. Jumapili nikatoa ushuhuda, kanisa zima likapiga makofi.

Daktari wa Mbarara hakupiga makofi. Aligusisha pamba yenye baridi kali kwenye meno ya pembeni, Tumaini akaruka. Kwenye lile jino, kimya.

"Mzee, kunyamaza si kupona. Ndani ya jino iko nyama laini, na damu inaingilia kwa ncha ya mzizi. Tukivuta jino, damu inaweza kupungua kidogo, halafu inarudi. Tukivuta kwa nguvu sana, jino linaweza kufa."

"Limekufa?"

"Bado sijui. Rangi ni nzuri. Pengine mishipa ya fahamu imelala tu na damu inapita. Tulegeze waya, tungoje."

(Nikakumbuka mguu wangu unavyokufa ganzi nikipiga magoti katika maombi marefu. Hakuna anayeukata.)

Njiani Tumaini akalia. "Babu, ikikuwa nyeusi, sitaimba tena." Nikamshika mkono.

Tukabadilisha maombi. Wakuu, si rahisi kumwombea mtoto aumwe!

Wiki zikapita. Asubuhi moja akasukutua kwa maji ya jerikani yaliyolala nje. Nikasikia kelele:

"Babu! Inauma! Ile ile!"

Bibi yake akapiga vigelegele. Majirani waliokuwa wakienda kwenye maharage wakasimama na majembe yao, wakiuliza nani anaoa.

Mbarara, daktari akarudia pamba yake. Tumaini akaruka. Safari hii daktari alipiga makofi.

Jumapili nikasimama tena: "Tunamshukuru Mungu, jino la Tumaini linauma."

Hakuna aliyejua kama aseme amina. Ndipo Tumaini akaangua kicheko katikati ya kwaya, kinywa wazi, kitambaa kimebaki nyumbani.

Nilichojifunza: tusikimbilie kuita kila kimya uponyaji. Tuombe, tumuulize mtaalamu, tungoje.

Mliowahi kufungwa waya za meno, au wenye watoto waliofungwa, karibuni mtueleze yenu.

Nawe unayesoma, Mungu akutunze hata pale usipomsikia.