Mfarishi wa Kirsten Jensdatter

Kuku wa Sidsel Mikkelsen hawakujua kwamba Jumapili ni siku ya mapumziko. Siku hiyo ndiyo waliyotaga kuliko zote, na Sidsel aliyakusanya mayai ndani ya aproni, akayapeleka kwa kina mama wa kanisa yauzwe ili hekalu lijengwe. Kwa miaka kumi na mmoja hakuonja yai la Jumapili hata moja. Mumewe Anders, mtu aliyelipenda tumbo lake, aliyatazama yakitoka mlangoni kwa uso wa msiba.

"Hekalu lile lina ukuta mzima wa vimanda vyangu," alikuwa akisema.

Likapanda taratibu juu ya kilima, jiwe jeupe juu ya jiwe jeupe. Asubuhi za ukungu, bonde lote la Sanpete, huko Amerika, likiwa limefunikwa, kuta zile zilionekana zimeelea peke yake, hazina chini. Sidsel alisimama bandani na ndoo mkononi akizitazama mpaka asahau alichofuata. Nyakati hizo alimwona mama yake mawazoni, na kila mara alimwona mgongo tu.

Kwao Denmark, siku Sidsel alipobatizwa na wahubiri wa Kimormoni, mama yake, Kirsten Jensdatter, hakugomba. Aligeuza kiti chake akaelekea ukutani. Mwaka 1857, Sidsel na Anders walipofunga safari ya Amerika, alikuwa bado ameelekea ukutani. Alisema jambo moja tu: "Chukua mfarishi. Huko uendako sijui kama bata bukini wapo."

Ulikuwa mfarishi wa manyoya, mnene, wenye harufu ya nyumbani. Ulivuka bahari ukafika Iowa, na hapo kila mtu akaambiwa mzigo wake kwenye mkokoteni usizidi ratili kumi na tano. Sidsel alikwenda kupimisha mzigo amevaa sketi tatu, maana nguo za mwilini hazikuhesabiwa. Mfarishi hauvaliki. Akaukunja vizuri, akauweka kando ya njia juu ya nyasi, akaanza kusukuma mkokoteni maili elfu moja na mia tatu. Kila alipofumba macho aliuona palepale, unanyeshewa. Hadi leo huuona.

Kwa miaka kumi alimwandikia mama yake kila Krismasi. Mfarishi hakuutaja. Jibu halikuja, naye akachoka, akaacha kuandika. Lakini watu wake waliamini kwamba aliyekufa bila ubatizo aweza kubatizwa kwa mwili wa jamaa aliye hai, kisha mama na mwana wakafungwa pamoja milele. Hilo ndilo alilolijengea kwa mayai. Alitaka siku moja kile kiti kigeuke.

Hekalu lilipofunguliwa, Mei 1888, Sidsel alikuwa na miaka sitini. Karani alitaka jina la marehemu, siku ya kuzaliwa na siku ya kufa.

"Siku ya kufa unayo?" Anders alimuuliza.

"Nina ndoto. Nimemwona amenigeukia."

"Mke wangu, karani haandiki ndoto."

"Angekuwa na miaka tisini na moja, Anders. Nani anafika huko?"

"Mama yako anaweza. Kwa ubishi tu."

Sidsel hakumsikiliza. Alimwambia karani kwamba mama yake alikufa Krismasi ya mwaka 1867, yaani Krismasi ile alipoacha kuandika. Kusema kweli hakuona kama anadanganya.

Wakamvika nguo nyeupe. Birika la ubatizo lilibebwa na sanamu za ng'ombe kumi na wawili, na maji yake yalikuwa na joto. Lilipotajwa jina la Kirsten Jensdatter, alizamishwa, na kule chini, penye ukimya, alihisi mkono umemshika kiwiko, jinsi mama yake alivyomshika walipovuka mtaro utotoni. Alitoka analia kwa furaha, na kiangazi chote aliishi kama mtu ambaye hajaamka sawasawa.

Septemba ikaja barua kutoka Denmark, imeandikwa na mwalimu wa shule ya kijijini kwao. Anders aliisoma kwa sauti, akafika mstari wa pili, akavua miwani.

"Nenda kwa karani," alisema, "umwambie amfufue."

Sidsel alimnyang'anya karatasi.

"Mimi Kirsten Jensdatter sioni tena, ila sijafa. Mwishoni mwa Mei niliota nimetumbukia majini na nguo zangu zote, nawe umenishika mkono. Niliamka nimekasirika sana. Nikamwita mwalimu anifungulie barua zako. Zote kumi ninazo. Amenisomea jioni kumi mfululizo. Umeandika habari za watoto na kuku, lakini kitu kimoja hukuandika. Ule mfarishi, bado una joto?"

Sidsel aliona aibu, akaona raha, vyote pamoja. Anders alitoka akaenda jikoni kujikaangia mayai. Ilikuwa Jumapili, na hekalu lilikwisha kujengwa.

Wino ulikuwa umeganda kwa kutotumika. Sidsel aliutia maji akaanza kuandika.

"Mama, mfarishi niliuacha kando ya njia kule Iowa, kabla safari ya mkokoteni haijaanza. Niliogopa kukuambia. Nimesikia baridi miaka thelathini na mmoja."