Mikono ya Mama Pasi

Kwenye chumba cha kufulia cha hospitali kila mtu alimwita Mama Pasi, na aliyeuliza jina lake halisi alijulikana kuwa mgeni. Miaka kumi na moja alinyoosha mashuka na makoti ya madaktari kwa kusimama, mpaka magoti yakasema basi. Nafasi ya mpokezi ilipotangazwa, kazi ya kukaa kwenye kiti, aliitafuta kwa udi na uvumba.

Kikwazo kilikuwa usaili. Ilibidi asome kwa sauti majina ya wodi kwa Kiingereza, na moja lilikuwa refu kama foleni ya dawa: rehabilitation. Lilishamshinda mara mbili kwenye usaili wa nyuma. Safari hii binti yake alilikata vipande sita kwenye karatasi, ri-ha-bi-li-tei-shen, akapigia mstari kile cha tano. Mama akavihamishia kwenye pasi. Vinne vya kwanza anapitisha juu juu, kwenye tei anakandamiza kwa nguvu, cha mwisho anaachia. Wiki nzima alinyoosha mashuka kwa neno hilo moja, hadi wenzake wakachoka kulisikia.

Siku ya usaili neno lilitoka limenyooka. Lakini mkono nao ulikuwa unatembea juu ya meza ya Afisa Utumishi. Afisa akacheka, akawakonyeza wenzake wawili, akasema hapa si kwa dobi. Aweke mikono mgongoni aanze upya. Akaiweka. Neno likamkatikia kwenye kipande cha tatu. Afisa akaandika kwamba hakufaulu.

Hasira ilimpanda Mama Pasi hadi utosini. Angekosea neno asingelalamika. Lakini kuchekwa mikono, tena na nani? Na huyu ambaye mashati yake ya nyumbani aliyapenyeza kila wiki katikati ya mashuka ya wagonjwa, akanyooshewa bure miaka yote hiyo! Ndivyo walivyo wakubwa wa aina yake. Jasho lako wanalivaa, ila hawataki kuliona likitoka.

Jumatatu afisa alifuata mashati yake. Aliyakuta yananing'inia, safi, yamekunjamana yote matano.

“Mama Pasi, ndiyo nini hii?”

“Nimeyapiga pasi mikono ikiwa mgongoni, bosi, kama ulivyotaka. Na hili nalo liandike.”