Stovu ya Habibo

Ukipita mtaa wa Chechelesi, pale Isiolo, kunywa chai kwa Habibo Guleid, usimwulize kwa nini bado anapikia mawe matatu huku moshi unamtoa machozi. Atakupa kikombe chako vizuri tu. Ukirudia swali atakupa mgongo, na mgongo wa Habibo, aisee, haubembelezeki. Afadhali nikuambie mimi, halafu unyamaze.

Ilikuwa miaka ya vita vya shifta, wale waasi wa porini. Babu yake Habibo aliletwa Isiolo akiwa askari wa mkoloni, akaachwa hapo na koti lake kuukuu, na ukoo ukageuka kuwa wa wachuuzi. Mumewe, Dualeh, wa ukoo uohuo, alikuwa mtu wa punda. Alitembea kwa miguu mpaka Kinna na sukari, majani ya chai na chumvi, kwa sababu dada yake Isnino alikuwa huko na watoto, na mifugo yao ilikuwa imekwisha yote katika vita vile. Dualeh asipofika, watoto wa Isnino walilala na maji ya moto tumboni. Kwa hivyo Habibo, ingawa aliiogopa ile safari kama nini, hakuweza kumwambia abaki.

Alichoogopa zaidi ni moshi. Siku hizo moshi ukionekana porini, hakuna aliyeuliza ni wa nani. Shifta walikuja wakitaka sukari, doria ya askari ilikuja ikitaka shifta, na wewe mwenye sufuria uko hapo katikati. Lomuria, mchoma makaa, alivunjwa mkono kwa ajili ya moshi wake mwenyewe. Dualeh naye alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: chai. Saa kumi ikifika, hata simba asimame njiani, lazima birika liwekwe. Tena hakupika kikombe chake peke yake. Kwao, tangu babu, anayepika chai njiani huongeza maji ya kikombe kimoja zaidi, cha mtu ambaye bado hajafika.

"Acha hiyo chai ya porini, Baba Faduma," Habibo alimsihi.

"Niache chai? Basi niache na kupumua."

Ndipo Habibo akauza bangili zake za fedha, akaenda dukani kwa Ahmednur akiwa na jirani yake Kagendo, mke wa karani kutoka Meru. Ahmednur akapanga majiko matatu juu ya meza. La kwanza lilikuwa la makaa, la bati. Habibo akalipima kwa mkono, akalirudisha. Makaa yenyewe ni mzigo, na kabla hayajashika yanafuka. La pili lilikuwa la utambi. Lilipowashwa liliwaka kimya kabisa, moto wa buluu, lakini Habibo alipoliinamisha kidogo, kama litakavyoinama mgongoni mwa punda, mafuta ya taa yakamwagika mezani.

"Sukari ya Isnino itanuka mafuta," akasema. "Toa hiyo."

Ya tatu ilikuwa stovu ya pampu, ya shaba, yenye miguu mitatu na kifuniko kilichobana mafuta barabara. Ahmednur akatia spiriti, akaipasha moto, akapiga pampu. Ikanguruma.

"Woi!" Kagendo akaruka nyuma. "Hii ni jiko ama ni lori?"

"Kelele ndiyo nguvu yake, mama!" Ahmednur akajibu, na ilibidi apaaze sauti.

Habibo hakuwa nao. Alikuwa ameinama anatazama hewa juu ya ule moto. Akapitisha pembe ya mtandio wake mweupe, ikatoka nyeupe vilevile. Moshi hakuna, hata uzi mmoja. Akacheka peke yake kwa furaha, machozi yakimlengalenga.

"Nifungie hii," akasema.

Dualeh alimtania wiki nzima kwamba kumbe ameoa fundi wa gari. Lakini asubuhi ya kuondoka aliifunga mwenyewe ndani ya gunia, akaiweka juu ya mzigo mahali pazuri.

"Sasa sitaonekana," akamwambia mkewe. "Umetulia?"

"Nimetulia," akasema Habibo, na kweli alikuwa ametulia.

Aliyerudi ni Golicha, Mborana mwenzake wa safari, pamoja na punda wote. Alisimama langoni asiingie, na Habibo akajua kabla hajaambiwa.

"Alikuwa anapika chai nyuma ya kichaka," Golicha akasema. "Mimi nimeenda kunywesha punda kwa laga, ule mto wa mchanga, mbali. Nikasikia doria inasema simama, mikono juu. Wamesema mara tatu, dada. Mimi huko mbali nimesikia. Yeye hakusimama. Hata kichwa hakugeuza. Wakapiga."

"Na kibali chake cha kusafiri?"

"Kilikuwa kwa mfuko wa shati."

"Sasa mbona hakusimama?"

Golicha akatazama chini. "Hata mimi sijui."

Basi mji ukapata la kusema. Asiye na kosa angesimama, walisema. Wengine wakasema Dualeh alikuwa na kiburi cha ukoo wa askari, haamrishwi na mtu. Yaliyomuuma Habibo zaidi ni hayo ya kiburi, maana alianza kuyaamini. Akakaa eda, amevaa nyeupe, hatoki nyumbani, na wageni wa tanzia walipokuja aliwapikia chai kwa stovu ileile aliyorudisha Golicha. Kila akipiga pampu alimgombeza marehemu. Ungeinua mikono tu, we mwanamume. Mikono tu! Ulishindwa nini? Ona sasa, umeniacha na Faduma, na Isnino anakufa njaa, kwa sababu ya shingo yako ngumu.

Alasiri moja alikuwa uani, amelipa lango mgongo, ameinamia birika, stovu inanguruma. Mkono ukamshika bega, akashtuka karibu aanguke. Alikuwa Kagendo, vidole vimejaa unga, anahema.

"Habibo, umekuwa kiziwi? Mgeni anakuita mpaka mimi nimesikia nikiwa jikoni kwangu!"

Habibo akageuka. Golicha alikuwa langoni.

"Umeita?"

"Nimesema salaam aleikum, nikarudia, nikarudia tena. Nikafikiri una hasira na mimi, dada."

Habibo akalitazama lango. Halikuwa mbali, mtoto angeweza kurusha jiwe likafika. Akaitazama stovu. Akalegeza skrubu, pumzi ikatoka, moto ukafa, na kuku wakasikika wakichakura kando ya ukuta.

"Hakusikia," akasema.

Golicha akaweka mkono mdomoni.

"Hakukataa, jamani. Hakusikia! Nami nimemtukana kila siku ya Mungu, nimemtukana ndani ya kaburi lake." Akaketi chini kwenye vumbi. "Ni mimi nilichagua, Kagendo. Ulikuwepo. Ile ya utambi ilikuwa kimya."

"Ulikuwa unamtafutia usalama," Kagendo akasema, akaketi naye hapohapo chini na unga wake.

Mwishowe Habibo akainuka, akakusanya mawe matatu, akawasha kuni, akaliteleka birika upya. Moshi ukapanda juu ya paa, Chechelesi nzima ikauona. Chai ilipoiva akamimina: kikombe cha Golicha, cha Kagendo, chake, na kimoja zaidi, kama mumewe alivyokuwa akifanya.

Golicha akakitazama kile cha nne. Hakukigusa.

"Siku ile pia," akasema, "nilikuta vikombe vitatu vimepangwa juu ya jiwe. Na sisi tulikuwa wawili."

Habibo akafunika uso kwa mtandio, akalia kwa sauti.