Miaka Tisa Isiyoandikwa

Saa kumi jioni, moshi unaanza kupanda kwenye bomba la tanuri la kuchomea maiti hekaluni, na watu waliovaa nguo nyeusi wanarudi kwenye magari yao. Sangwian Thongdi anapita kati ya viti vya plastiki, beseni kiunoni. Anakusanya bilauri. Anakusanya na vitabu.

Ni vitabu vyembamba vya maisha ya marehemu, ambavyo jamaa huchapisha na kumpa kila aliyekuja kuaga. Wengi hujipepea navyo kwa ajili ya joto, kisha huviacha vitini.

"Dada Sangwian, hata wafu unawaokota?" anamtania Plueang, mchoma maiti.

"Walio hai wamenipa nini?" anajibu, huku akifuta jalada kwa upindo wa aproni.

Sangwian, mwenye umri wa miaka 58, hupika uji na kuosha vyombo kwenye misiba ya hapa mjini Uthai Thani. Hulipwa baht 350 kwa siku. Siku isiyo na msiba haina malipo.

"Kuombea watu wafe ni dhambi," anasema. "Lakini nepi za mtu mzima haziji bure."

Nepi hizo ni za Adun, mwanawe wa pekee. Miaka mitatu iliyopita Adun alianguka kutoka jukwaa la ujenzi huko Bangkok, na tangu hapo hawezi kusogeza chochote kuanzia shingoni kwenda chini. Mwanzoni mwa mvua za mwaka huu alianza kufumba mdomo kila kijiko kilipomkaribia. Daktari hakumficha mama: akiendelea hivyo, mvua zitaisha bila yeye.

"Hakulia wala hakunitukana," Sangwian anakumbuka. "Alifumba tu. Nikakaa na bakuli mkononi mpaka uji ukaganda."

Maneno ya kumbembeleza yalikuwa yamemwishia. Akabaki na vitabu vyake, akaanza kumsomea. Shule aliacha darasa la nne, na husoma akifuata mistari kwa kidole. Alianza kuvisoma alipofiwa na mumewe.

"Unakuta mtu kafiwa, kaunguliwa nyumba, kaugua. Unafungua ukurasa wa pili, bado yupo. Mimi nilishikilia hapo."

Adun hakushikilia popote.

"Mama, wote hao si wamekufa?"

"Wamekufa. Lakini walichelewa."

"Na wote walikuwa wema, wachapakazi, wapenda watoto. Mji huu wabaya hawafi?"

Sangwian aliendelea kusoma. Jioni moja alimsomea maisha ya mzee Phuang, mfuga samaki wa mtoni. Phuang alizaliwa, akaenda jeshini, akaoa, akapata binti akiwa na miaka thelathini na moja. Mstari uliofuata alikuwa na arobaini, na ameanza kufuga samaki.

"Rudia hapo," Adun alisema.

Mama akarudia.

"Miaka tisa imeenda wapi?"

"Labda mchapaji karuka."

"Hakuruka. Wameficha. Nenda kaulize."

Ilikuwa mara ya kwanza, tangu afumbe mdomo, kutaka kitu.

Asubuhi yake Sangwian alimfuata Bibi Chaem, mjane wa Phuang, kwenye nyumba yake inayoelea mtoni. Alimkuta akikausha samaki. Alipouliza, Bibi Chaem aliweka kisu chini.

"Binti yetu alizama hapa hapa, chini ya sakafu hii, hata mwaka hajatimiza," alisema. "Baba yake akalala akielekea ukuta wa bati. Miaka tisa, mwanangu! Ningeandika nini? Kwamba mume wangu alilala?"

"Na siku aliyoinuka, bibi, aliona nini?"

"Hata mimi nilingoja aniambie kitu kikubwa. Alisema amechoka kulitazama lile bati. Akaomba chai."

Njiani Sangwian alifikiri aibadili habari hiyo: aweke ndoto, au mtawa aliyekuja na maneno mazuri. Alipofika kitandani alishindwa kudanganya. Akaisema kama alivyopewa.

Adun aliitazama miguu yake.

"Yeye alikuwa na miguu," alisema.

"Alikuwa nayo."

"Na bado kalala miaka tisa. Mvivu kunishinda!"

Akacheka, kicheko kikavu kilichoishia kwenye kikohozi. Jioni hiyo alikubali vijiko vitano vya uji. Siku iliyofuata alifumba tena.

Ndivyo wanavyoishi sasa: siku moja vijiko vitano, mbili zinazofuata hakuna. Mgongo wa Sangwian hauwezi tena kumgeuza peke yake, na majirani waliokuja kila siku sasa huja sikukuu.

"Kila mama huomba atangulie yeye," anasema kwa sauti ya chini. "Mimi hata hilo siwezi kuomba. Nikitangulia, nani atashika kijiko?"

Wiki hii ameokota kitabu cha mshonaji aliyekufa akiwa na miaka themanini. Maisha yake yanatoka harusini na kuangukia kwa wajukuu, katikati hamna kitu. Adun aliliona pengo kabla mama hajamaliza ukurasa.

"Huyu naye alikuwa wapi? Nenda kaulize."

Sangwian amekubali, ila amemwambia kwamba familia hiyo inakaa mbali, ng'ambo ya mto, barabara imeharibika kwa mvua, na watu wenyewe huenda wasimpokee mara ya kwanza. Itabidi asubiri.

"Ananiuliza kila asubuhi kama maji yamepungua," anasema. "Namwambia bado. Akishauliza, mara nyingine hula."

Binti wa mshonaji anakaa nyuma ya soko, mwendo wa dakika tano, na ameshamwambia Sangwian aje wakati wowote. Adun hajui hilo, na hata habari hii ikitoka gazetini, mama yake ndiye atakayemsomea.