Kishikio Kisichogusa Mtutu

Kabla ya salamu, fundi bunduki huingiza kidole kidogo kwenye chemba ya risasi ya bunduki aliyoletewa kuhakikisha ni tupu. Siku hiyo alikiingiza mara tatu. "Nataka kishikio chepesi kisichogusa mtutu, kisicho na madoido," alisema Wendell, aliyemzika pacha wake Jumanne. Mama yake, Ardith, aliyesimama kando yake, alimwomba Mungu kimoyomoyo asije akamzika huyu pia. Mwanawe alikuwa halali usingizi wala hali chakula. Kama kawaida yake, fundi alipitisha kikaratasi kati ya mtutu na kishikio cha zamani. Kikakwama.

"Kweli kinagusa, kinapotosha shabaha. Lakini sina kingine, mwanangu. Niachie bunduki mpaka theluji iyeyuke."

"Duka lote hili, mzee, unauza vumbi?"

"Vumbi tu."

Wendell hakuinua macho. Ukutani, nyuma ya fundi, vilining'inia vishikio vitatu vya aina ileile. Ardith aliviona, akafumba mdomo.