Suti ya Kaunda iliyonifanya niwaandike wagonjwa wa kansa walio hai kuwa ni marehemu

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara nyingi, maana mimi ni mtu wa kuogopa kukosea hata nukta. Leo nauacha ulivyo. Yalinipata mimi mwenyewe, siongezi chumvi.

Naona vijana humu wanauliza njia ya kuingia kwenye utafiti wa saratani. Yangu ni ya enzi za Ujamaa, Tabora.

Nilizaliwa Gongoni. Mzee wangu alikuwa fundi cherehani. Shule niliishia njiani, nikapata kazi ya kuosha vioo maabara ya hospitali, vile vidogo vya kuwekea vipimo.

Nikimaliza kuosha, nachungulia kwenye darubini. Daktari wetu akaniona, akanipa kitabu chake cha zamani kisicho na jalada. Nikajisomea mwenyewe, kamusi pembeni, mpaka nikaweza kutofautisha seli ya kansa na seli nzima. Ila kioo kimoja niliweza kukirudia mpaka macho yanatoka machozi, nikihofia nimekosea.

Daktari alikuwa anatibu watoto wenye uvimbe wa taya, ambao ni kansa. Dawa ilikuwa mpya, ya sindano. Watoto wanapata nafuu, wanarudi kwao, habari zao zinaishia hapo.

Ikatokea nafasi moja ya kozi ya utafiti huko Dar.

"Nataka kukupendekeza wewe," daktari akaniambia. "Lakini kwanza nenda Goweko, uniletee habari za watoto wetu wa kule. Nani yuko hai, nani amekufa. Wakubwa wakiona dawa haifai, wataisitisha."

Mzee aliposikia neno Dar, akanishonea suti ya Kaunda ya kijivu. "Mtoto wa fundi uende na viraka? Wateja watanicheka."

Nikapanda treni na suti yangu na orodha ya majina.

Hapa niwaeleze wadogo zangu. Wakati ule watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vya Ujamaa. Baadhi walitoroka kurudi mahameni, kwenye makazi waliyoyaacha na mihogo yao. Maofisa walikuwa wanakuja na malori na majina kuwatafuta, na maofisa walivaa suti za Kaunda.

Yote hayo niliyajua. Halikunijia tu kwamba nafanana nao.

Nyumba ya kwanza nilimkuta bibi anatwanga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

"Namtafuta mjukuu wako Milembe, yule aliyetibiwa taya."

Akaitazama suti, akaitazama karatasi. "Alikufa."

"Pole sana, bibi. Lini?"

"Zamani." Akaendelea kutwanga.

Nyumba iliyofuata, amekufa. Nyingine, amekufa. Kufikia jioni orodha yote ilikuwa imejaa, wote marehemu.

Nilisikitika, wakuu. Lakini chini ya masikitiko kulikuwa na raha fulani: karatasi yangu haikuwa na nafasi tupu hata moja. Raha ile bado inaniuma mpaka leo.

Stesheni, nikisubiri treni ya kurudi, wakaja wasichana wanauza karanga. Mmoja taya lake upande limebonyea, lina kovu.

"Kaka ofisa, nunua karanga. Au mpaka kikao kikae?"

Wenzake wakaangua kicheko. Nikamuuliza jina.

"Milembe."

Mwenzake akamfinya. "We! Si ndiye huyo mwenye majina!"

Wakatimka. Sinia likaanguka, karanga zikamwagika zote.

Treni ilikuja ikaondoka, mimi niko chini naokota karanga. Nilivua koti, nikazikusanya humo. Orodha nikaiacha kwa mkuu wa stesheni. Asubuhi nikarudi kwa yule bibi nikiwa na fulana tu.

"Wewe tena?"

"Nimeleta karanga za Milembe. Bibi, mimi si ofisa. Naosha vioo hospitali. Baba yangu ni fundi Saidi wa Gongoni."

"Saidi yupi? Yule mwenye makengeza?"

"Huyo huyo."

"Mwongo mkubwa yule! Gauni langu la harusi ya binti yangu alinipa bwana harusi keshamchukua mke!" Akacheka mpaka akakaa. "Haya, nawe kaa ule."

Tulikula ugali na mlenda. Ndipo akaniambia wazazi wa Milembe wamerudi mahameni naye, yeye kabaki kijijini ili nyumba isionekane tupu.

"Aliyekufa hafuatwi na lori," alisema.

Kisha akanipitisha nyumba kwa nyumba. Wengine wamekufa kweli, na hapo watu walinieleza kaburi lilipo na nani aliosha maiti. Wengine waliitwa wakaja, wakafungua midomo niangalie. Nani anaishi wapi sikuandika.

Niliporudi nilikuwa nimechelewa. Nikamweleza daktari yote, pamoja na ile orodha ya kwanza. Akasema Dar walishataka jina na amewapa la kijana mwingine.

Nililia chooni, siwafichi.

Lakini sindano ziliendelea. Mwaka uliofuata nikaitwa mimi kwenye kozi, na kazi ya utafiti nimeifanya mpaka kustaafu.

NIMEONGEZA: Kuna mkuu kauliza kuhusu Milembe. Yupo, ana wajukuu. Mpaka leo ananiita kaka ofisa.

Nilichojifunza ni kwamba jibu linaweza kujaa kwenye karatasi na likawa uongo, na aliyelisababisha ni wewe uliyeuliza. Hakuna kozi iliyonifundisha hilo.

Siku hizi vijana wa utafiti huletwa kwangu niwaelekeze. Siku ya kwanza nawatuma kijijini bila karatasi. Wakirudi siwaulizi wamepata nini. Nawauliza wamekula nini, na kwa nani. Asiye na jibu namrudisha.

Wenye uzoefu wa kuulizia wagonjwa vijijini, leteni na yenu. Na nilipokosea, nisahihisheni. Nitaumia kidogo, lakini nitasoma.